Mwaka Mwantumu Alipopanda Mtama

Mwantumu hakuwa mtu wa kusemwasemwa Mazingara, kijiji cha Handeni. Alizaliwa huko, akaolewa huko na Mdoe, akazaa na kulea huko, na kama si ule msimu wa mtama, angezeeka bila jina lake kuvuka mipaka ya kitongoji chao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa haraka. Shamba lake lilijulikana kwa usafi. Watu walisema magugu ya Mama Faudhia, kama walivyomwita kwa jina la bintiye, utayatafuta kwa tochi mchana.

Kwa miaka mingi lilikuwa shamba la mahindi, kama mashamba ya watu wote. Mahindi ndiyo yaliyokuwa chakula. Muhogo ulikuwa wa kusukumia siku, na mtama ulikuwa jambo la wazee. Mama yake Mwantumu alikuwa akiupanda, na bibi yake pia, lakini zama zao watoto hawakuwa wakienda shule. Mtama ulipoanza kutoa masuke, watoto waliamshwa alfajiri, wakapandishwa kwenye dungu katikati ya shamba, wakashinda huko wakiamia ndege kwa makombeo na makelele mpaka jua linazama. Shule zilipojengwa na watoto wakaingia madarasani, hapakuwa tena na wa kuamia. Mtama ukaondoka mashambani kimya kimya, wala hakuna aliyeulilia, kwa sababu mvua za wakati huo ziliyatosha mahindi.

Kisha mvua zenyewe zikageuka. Vuli ikawa ya kubahatisha. Masika yakawa yanaanza kwa kishindo, watu wanapanda kwa shangwe, mahindi yanapanda mpaka kiunoni, halafu yakifika pale pa kutoa mbelewele mawingu yanatoweka. Hapo ndipo mahindi yanapohitaji maji kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo jua la Handeni linapokaa juu ya shamba kama mtu aliyetumwa kulilinda lisipate kitu.

Mwaka mmoja wa namna hiyo, Mwantumu na Mdoe walikula muhogo mpaka ukaisha, wakachoma mkaa mpaka miti ya karibu ikaisha, na mwishowe binti yao Faudhia akatuma ujumbe kwamba mama aende Korogwe. Faudhia ameolewa Old Korogwe, karibu na mto, na mumewe Sharifu, fundi cherehani. Mdoe alisema yeye atabaki kulinda nyumba. Mwantumu akaenda.

Sharifu hakumtendea baya hata moja. Hilo ndilo lililomuumiza. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba ambao mtu na mama mkwe wake hawawezi kupishana bila kugusana mabega, kwa hiyo Mwantumu alijifunza kukohoa kabla ya kutoka chumbani, na Sharifu alijifunza kukohoa kabla ya kuingia. Wakati wa kula Mwantumu alisogea pembeni na sahani yake, akala kidogo, akasema ameshiba. Jioni moja alimsikia mkwe wake akimuuliza Faudhia kwa sauti ya chini kama mama anakula vizuri, maana anamwona amekonda. Mwantumu alijifunika khanga usoni. Aliporudi Mazingara mvua zilipoanza, alimwambia Mdoe kwamba bora afe na njaa kwake kuliko kushiba kwa mkwe. Mdoe alimtazama, akaendelea kunoa jembe. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Mtafiti alikuja msimu uliofuata. Alikuwa msichana aitwaye Yuditha, Mshambaa wa Vugiri kule juu milimani, mtaalamu wa nafaka katika kituo kimoja cha utafiti. Alikuja kwa pikipiki akiwa amefuatana na Semboja, bwana shamba wa kata. Wanakijiji wakakutanishwa Jumamosi katika darasa la shule, wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa karibu na videvu. Yuditha aliwaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akawaeleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba mahindi hayajui kusubiri. Yakikosa maji wiki mbili wakati wa kuchanua, yameshakwisha, hata mvua ikirudi. Mtama una mizizi mirefu, na ukibanwa na kiu hujikunja ukalala, mvua ikirudi unaamka. Alikuwa na aina kadhaa mpya, fupi, za kukomaa mapema, nyingine zenye unga mweupe usioaibisha mezani. Alitaka kuzipanda bega kwa bega katika shamba moja la Mazingara ili zijulikane zipi zinaipenda ardhi hii, na alitaka kaya nyingi zipande mtama kuzunguka shamba hilo. Mavuno yangekuwa ya wenye mashamba. Kituo kingechukua sampuli tu.

Mzee Mbaruku, mjomba wake Mwantumu, aliomba kusema. Aliuliza habari ya ndege.

"Mzee wangu, sitakudanganya," Yuditha akamjibu. "Ndege watakuja. Shamba la mtama likiwa peke yake, watalimaliza. Yakiwa mengi, kila mtu ataumwa kidogo na kila mtu atapata chakula. Ndiyo maana ninaomba mpande wengi."

Akaongeza kwamba iko ndege ya serikali inayonyunyizia dawa, na makundi yakionekana taarifa itapelekwa mapema. Watu wakaitikia kwa vichwa. Yalikuwa maneno ya kweli, na mtu anayesema kweli mbele ya wazee husikilizwa. Lakini alipouliza nani atatoa shamba la majaribio, kila mmoja akatazama dawati lake.

Mwantumu akanyoosha mkono. Upande wa wanaume, Mdoe aligeuka kumtazama.

Alikuwa ametoa shamba la chini, lenye udongo mzuri kuliko yote waliyokuwa nayo. Njiani Mdoe alimuuliza mahindi watapanda wapi. Akasema hawatapanda. Hatua kadhaa mbele Mdoe akasema atahitaji kununua kamba, maana yule binti amesema mistari lazima inyooke.

Kaya nyingi ziliahidi kupanda mtama. Lakini masika yale yalianza vizuri, na mvua ikianza vizuri watu husahau. Wakaona mahindi ya jirani yamechipua, wakaona wataachwa nyuma, wakayatoa majembe na mbegu zilezile za kila mwaka. Waliobaki na mtama walikuwa wachache: Grasiana, mjane aliyepakana na Mwantumu upande wa mashariki, Abdi, kijana aliyekuwa amerudi kutoka Dar na hakuwa na kitu cha kupoteza, na Mzee Mbaruku mwenyewe, aliyepanda kijisehemu kwa heshima ya mpwa wake. Yuditha alipokuja na kuona mahindi yamezunguka kila upande, alisimama kando ya pikipiki yake akiyatazama. Hakumlaumu mtu.

Mtama ukaota. Kila aina ilikuwa na mistari yake na kibao chake cha namba, na Mwantumu, ambaye hakuwa akizisoma namba hizo kwa shauku, aliwapa majina yake mwenyewe: huyu Mfupi, huyu Mwekundu, huyu Bibi Harusi kwa sababu ya majani yake yaliyoinama. Alipalilia mapema, akapalilia tena. Yuditha alikuja mara kwa mara, akapima urefu, akahesabu majani, akalala nyumbani kwao mvua ilipoharibu njia. Mwantumu alimpikia mlenda na bada, ugali wa muhogo, na Yuditha alikula akamaliza. Walizoeana. Yuditha alimsimulia habari za mama yake kule Vugiri, anayelima maharage kwenye ukungu na kulalamika kwamba mvua imezidi. Mwantumu alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema laiti wangeweza kubadilishana hata wiki moja tu.

Kisha, kama ilivyokuwa desturi, mvua ikakata. Ikakata kama maji ya bomba. Mahindi ya Mazingara yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, yakaanza kujikunja asubuhi, kisha mchana kutwa, kisha yakawa meupe toka chini kwenda juu. Ukipita kati yake yalikuwa yanalia kama karatasi. Wenye ng'ombe wakaanza kuulizia mabua.

Mtama ukajikunja, ukalala, ukasubiri. Mwantumu alikwenda kila asubuhi akiwa na hofu moyoni, na kila asubuhi aliukuta ungali kijani. Baadaye ikanyesha mvua moja ya jioni, ndogo, ya kulowesha vumbi tu, na mtama ukainuka kama mgonjwa aliyekunywa uji. Masuke yakatoka. Katika eneo zima, ukisimama juu kwenye barabara, ulikuwa unaona rangi ya majivu kila upande, na chini pale kitu kimoja tu kilicho hai.

Watu wakaanza kuja kutazama. Walikuja toka vitongoji vya mbali, wakashika majani, wakauliza mbegu. Semboja alileta wakulima kwa gari, ikafanyika siku ya shamba, hotuba zikasomwa, Mwantumu akapigwa picha akiwa amesimama katikati ya mtama unaomfika kifuani. Wakampa jina: Mama Mtama. Waliokuwa wamevunja ahadi walimwambia Yuditha kwamba mwaka kesho watapanda wote, na wakati huo walimaanisha. Mdoe alianza kukarabati kihenge cha nafaka ambacho hakikuwa na kitu kwa muda mrefu, akakikandika upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Usiku akilala, mikono yake ilinuka udongo huo, na Mwantumu aliupenda mnuko wake.

Siku hizohizo Yuditha alivalisha baadhi ya masuke mifuko ya karatasi ngumu, machache katika kila mstari, na kuyafunga shingoni kwa uzi. Alieleza kwamba ni kwa ajili ya mbegu, isichanganyike na aina nyingine. Mwantumu aliyaona kama wari wa unyago waliofunikwa khanga wasionekane na watu. Alisaidia kufunga.

Ndege wa kwanza walikuja punje zilipokuwa bado zina maziwa. Walikuwa wachache, wadogo, midomo myekundu. Mzee Mbaruku aliwaona, akavua kofia yake, akasema hao ni watazamaji tu, wenyewe wako nyuma.

Walikuja wenyewe. Mwantumu alikuwa amekaa kwenye dungu ambalo Mdoe alilijenga upya, akasikia mvumo kama lori linalopanda mlima, akatafuta barabarani lori hilo asilione. Ndipo alipoona wingu linatoka upande wa mbugani, linakunjuka na kujikunja kama shuka inayokung'utwa. Lilishuka kwenye mtama wote kwa mara moja. Masuke yakalala kwa uzito wao. Mwantumu alipiga debe, akapiga kelele, akatupa udongo, na lile wingu likainuka upande mmoja wa shamba na kutua upande mwingine. Walikuwa kwelea. Katika nchi nzima iliyokauka, walikuwa wametafuta chakula kama walivyotafuta watu, wakakiona mahali palepale.

Wakakusanyika watu wote waliokuwa na mtama, na wengine waliokuja kwa huruma. Walifunga kanda za kaseti kutoka mti hadi mti zipige kelele kwa upepo. Walichoma majani mabichi. Abdi alileta spika yake ya muziki, akaiweka katikati ya shamba na kuifungulia mpaka betri ikafa. Ndege wakaizoea kabla ya wimbo wa pili. Mdoe alirudia kombeo lake la utotoni, naye alikuwa na shabaha bado, akaua ndege mmoja hapa na mmoja pale, na hiyo ilikuwa kama kuteka bahari kwa kijiko. Mwantumu alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba watoto hata kwa asubuhi moja. Mwalimu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Alisema watoto wa darasa la saba wako kwenye mitihani ya majaribio, na wadogo akiwatoa atawajibishwa, na kwamba anasikitika. Mwantumu aliona kweli anasikitika. Akaaga.

Yuditha alikuwa amepiga simu siku ileile ya kwanza. Semboja naye alipeleka taarifa. Jibu lilikuja kwa adabu: taarifa imepokelewa, ndege inayonyunyizia ni moja, kwa sasa iko mkoa mwingine kwenye mashamba ya mpunga ambako makundi ni makubwa zaidi, ikimaliza huko itakuja. Kila aliyepigiwa alijibu vizuri. Hapakuwa na wa kugombana naye. Yuditha mwenyewe alikuja na pikipiki, akavua viatu, akaingia shambani pamoja nao akipiga sufuria, mpaka sauti yake ikakauka akawa anafungua mdomo tu. Watu walikuwa wakiulizana asubuhi, "Ndege inakuja lini?" na kabla hawajajibiwa, ndege walikuwa wamekuja.

Asubuhi moja Mwantumu aliacha kupiga debe. Hakuamua, mkono wake ulisimama wenyewe. Alikaa kwenye dungu, akatazama wanavyokula. Walikuwa wanakula bila haraka, wakibembea kwenye masuke ya Bibi Harusi, wanyofu kabisa, kama wageni walioalikwa. Grasiana alimwona kutoka shambani kwake, akafikiri amezimia, akaja mbio. Alipofika akapanda akakaa naye. Shamba la Grasiana lilikuwa limekwisha jana yake.

Kwelea walipoondoka shambani, mtama ulikuwa bado umesimama, mabua ya kijani, masuke yaliyo kama mifagio iliyochakaa. Kilichokuwa kimesalia ni yale masuke ya Yuditha ndani ya mifuko.

Ndege ya serikali ilifika baada ya hapo, jioni, ikapita chini juu ya vichaka vya miiba kule mbugani ambako kwelea walikuwa wakilala. Kesho yake vichaka vilikuwa vimefunikwa kwa ndege waliokufa, na wengine wakiwa wanahangaika chini. Semboja alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba hao wamekufa kwa sumu, asiwale mtu, asiwape kuku wala mbwa. Lilikuwa tangazo gumu kusikiliza. Watu hawakuwa na kitoweo, hawakuwa na unga, na nyama ilikuwa imetapakaa chini bila mwenyewe. Semboja aliomba watu wa kujitolea wafukie. Mwantumu na Mdoe walikwenda. Walichimba shimo, wakawakusanya kwa koleo, midomo wamejifunga vitambaa. Mmoja alikuwa amepasuka kifuani, na punje za mtama zilikuwa zimemwagika nje, nyeupe, zimejaa. Mdoe aliinama, akazitazama kwa muda. Kisha akatupa udongo.

Wiki chache baadaye masuke ya kwenye mifuko yalikomaa, na Yuditha akaja kuyavuna. Hakulala kwao safari hiyo, wala hakukaa alipokaribishwa kiti. Alisimama akieleza kwamba msimamizi wake, Bwana Deogratius, amesema hayo ndiyo matokeo pekee yaliyobaki katika msimu mzima, na lazima yafike kituoni yote, kwa uzito wake, suke kwa suke. Alisema amejaribu kuomba wenye shamba waachiwe angalau kidogo. Alikuwa akiongea na ardhi.

Mwantumu alichukua kisu akaenda naye shambani. Walipita mstari kwa mstari, Yuditha akisoma namba na kuandika, Mwantumu akikata. Alifungua mfuko mmoja, na suke likatoka humo limejaa, zito, kila punje mahali pake, kama kwamba hakuna kilichotokea duniani. Alilishika kwa mikono miwili. Hakuwahi kuona mtama wa namna hiyo, hata zama za mama yake.

"Lote lingekuwa hivi?" aliuliza.

"Lote, mama."

Mwantumu akaliweka kwenye gunia. Walipomaliza gunia halikufika hata nusu. Alilibeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, akalishikilia wakati Yuditha akilifunga kwa mpira. Yuditha alikuwa analia bila sauti, na Mwantumu alimpangusa uso kwa ncha ya khanga yake, kwa sababu mtoto akilia mbele yako hufanyi hesabu. Halafu akarudi ndani. Mdoe alikuwa amekaa karibu na kihenge kilichokandikwa, na hawakuwa na chakula cha jioni zaidi ya uji.

Ikabidi Mwantumu arudi Old Korogwe. Mdoe alikwenda naye safari hii, na hilo lilikuwa gumu zaidi, maana mwanamume kukaa kwa mkwe ni jambo linalomvua mtu nguo. Sharifu aliwapisha chumba, yeye na Faudhia na watoto wakalala ukumbini. Mdoe alipata kibarua cha kubeba magunia sokoni, akajikaza kama kijana, akirudi jioni mgongo haunyooki. Mwantumu alisaidia kulea wajukuu, akateka maji, akafua. Kidogo alichokula alikila upesi. Hakuna aliyesema neno, na alimwomba Mungu mtu aseme neno.

Wakiwa hapo, Yuditha alipata habari kwamba Mwantumu yuko Korogwe, akamwalika kwenye mkutano mjini ambako matokeo ya majaribio yangesomwa mbele ya wakulima na maofisa. Mwantumu alivaa khanga ya Faudhia. Alikaa nyuma. Kwenye ukuta palikuwa na picha kubwa za mwanga, na Yuditha alisimama mbele akieleza aina moja baada ya nyingine. Alieleza waziwazi kwamba shamba liliharibiwa na kwelea, na kwamba namba hizi zimekokotolewa kutokana na masuke machache yaliyokingwa. Zinaonyesha uwezo wa mbegu, si mavuno ya mkulima. Halafu akazisoma. Ilipofika ile aina ambayo Mwantumu aliita Bibi Harusi, palitajwa magunia kwa ekari, na watu ukumbini wakaguna kwa mshangao. Waliipigia makofi. Mwantumu alijikuta naye anapiga makofi. Alikuwa akiyaona magunia hayo, yamepangwa, yameegemea ukuta wa nyumba yake. Picha yake ikatokea, amesimama kwenye mtama unaomfika kifuani, anacheka. Wakamtaka asimame. Akasimama, wakampigia makofi zaidi, akakaa.

Baadaye Yuditha alimfuata nje. Alimwambia kwamba mbegu iliyotoka kwenye mifuko imetunzwa, na kituo kinataka kurudia majaribio Mazingara, safari hii kaya nyingi, kama zitakubali. Aliuliza kama mama yuko tayari.

Mwantumu alimtazama. Hakuwa na hasira naye. Alimpenda.

"Nikipanda mahindi, jua litayala," alisema. "Nikipanda mtama, ndege wataula. Wewe umesoma, mwanangu, na hujanidanganya hata siku moja. Niambie nipande nini."

Yuditha alifungua mdomo, na Mwantumu aliona jinsi alivyokuwa anatafuta, kwa bidii, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta ufunguo ambao ana hakika aliuweka hapo. Magari yalikuwa yanapita kuelekea Arusha. Watu wa mkutano walikuwa wanatoka na soda mikononi.

"Sijui, mama," alisema.

Mwantumu akamshika mkono. Wakasimama hivyo mpaka Yuditha akaitwa ndani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mwantumu na Mdoe walirudi Mazingara. Ahadi ya kaya nyingi iliishia kwa kaya chache kuliko hata mara ile. Wengi walikuwa wameuona mtama unaliwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwantumu alipokea mbegu ya Yuditha, akaipanda nusu ya shamba la chini. Nusu nyingine alipanda mahindi. Si kwamba alikuwa amefikia uamuzi. Ardhi ilikuwa imelowa, na ardhi ikilowa mtu hawezi kukaa ndani.

Sasa ni katikati ya msimu. Mahindi yako kiunoni na mvua imekatika tena, haijulikani kama ni ya kurudi. Mtama haujatoa masuke. Kila asubuhi Mwantumu hushuka shambani, hutembea baina ya nusu mbili, hugusa majani ya upande huu na ya upande ule, hutazama juu, na hurudi. Mdoe humuuliza vipi kule. Humjibu kwamba bado kuko kijani, kisha huenda jikoni kuwasha moto.